Mganga Naye Akingwe: Funzo la Marie Curie

Mganga hajigangi. Methali hii hunijia akilini kila nitafakaripo maisha ya Marie Curie, mwanamke aliyewapa matabibu silaha ya kupigania saratani, kisha kazi hiyo hiyo ikamtoa duniani. Wengi wetu tulimsoma shuleni kama shujaa wa sayansi. Leo, ewe msomaji, ningependa tumtazame kama mfanyakazi aliyeshika kitu cha hatari kwa mikono mitupu.

Alizaliwa mjini Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Nchi yake ilitawaliwa na Urusi, na chuo kikuu cha mji huo hakikuwapokea wanawake. Kwa miaka kadhaa alifundisha watoto majumbani ili dada yake apate karo ya kusomea udaktari jijini Paris. Mwaka 1891 zamu yake ikafika, naye akafunga safari kwenda Ufaransa. Alisomea fizikia na hisabati katika Sorbonne, na mwaka 1895 akaolewa na mwanasayansi mwenziwe, Pierre Curie.

Mwaka 1898 wawili hao walitangaza kugundua elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Ili kuipata radiamu yenyewe, Marie alifanya kazi katika kibanda kibovu ambacho paa lake lilivuja. Humo alichemsha tani kwa tani za mabaki ya madini ya uraniamu, akiyakoroga kwa mtaimbo uliokaribia kimo chake. Kufikia mwaka 1902 alikuwa amepata takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Mwaka uliofuata yeye, mumewe na Henri Becquerel walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1911 akapewa ya kemia, safari hii peke yake.

Hatari haikujificha kabisa. Becquerel alitia kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, kikamchoma ngozi. Pierre naye aliifunga makusudi mkononi mwake, akapata kidonda kilichokawia kupona. Ni katika majeraha ya namna hiyo matabibu walipotambua kwamba kitu kinachounguza nyama nzima chaweza pia kuua uvimbe wa saratani. Kwa hivyo tiba na madhara vilizaliwa siku moja, kama pacha. Vidole vya Marie viligumaa na kuuma. Hata hivyo, usiku yeye na mumewe walipenda kurudi kibandani kutazama vichupa vikimeremeta gizani. Hatari isiyouma papo hapo huzoeleka upesi, na ikisha kuzoeleka huonekana kama rafiki.

Pierre alifariki mwaka 1906, si kwa mionzi bali kwa kukanyagwa na gari la farasi barabarani. Marie hakuiacha kazi. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, aliona majeruhi wakipasuliwa na madaktari wasiojua risasi imekaa wapi mwilini. Akatengeneza magari 20 hivi yenye mitambo ya eksirei, akasimamia kuwekwa kwa vyumba 200 vya kudumu, na kuwafunza wanawake wapatao 150 kuiendesha mitambo hiyo. Binti yake Irène, aliyekuwa bado kijana mbichi, alifanya kazi naye. Zaidi ya askari milioni moja walipigwa picha. Wahudumu waliosimama kando ya mitambo hiyo siku nenda siku rudi walikuwa na kinga haba mno.

Katika miaka ya 1920 ukweli ulianza kudhihirika. Huko Marekani, wasichana waliopaka radiamu kwenye nyuso za saa, wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo, walioza mataya na kufa. Mwaka 1928 mkutano wa madaktari wa mionzi mjini Stockholm uliunda kamati ya kimataifa ya kujikinga. Katika taasisi yake mjini Paris, Marie aliwataka wanafunzi watumie koleo, wajikinge nyuma ya vizuizi vya risasi na wapimwe damu mara kwa mara. Kinaya ni kwamba yeye mwenyewe, mkuu wa taasisi, hakuzifuata kanuni hizo. Tarehe 4 Julai 1934 alifariki akiwa na umri wa miaka 66, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Irène alifuata mwaka 1956 kwa saratani ya damu.

Mwaka 1995 mabaki ya Marie yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Mionzi iliyopimwa jenezani ilikuwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, ikadhaniwa kwamba huenda eksirei za wakati wa vita ndizo zilizomdhuru zaidi kuliko radiamu. Aidha, mjini Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 ukiwa na majina 169 ya watu waliouawa na eksirei na radiamu wakiwahudumia wengine.

Nionavyo mimi, Marie anao udhuru ambao sisi hatuna. Yeye alipapasa gizani, sisi tunajua. Tunajua kwamba ngao za mhudumu ni tatu: kupunguza muda, kuongeza umbali na kuweka kizuizi. Ukienda mbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, mionzi hupungua hadi robo. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Lakini sheria haivaliwi kifuani. Beji ya kupimia mionzi ikifungiwa sandukuni haipimi chochote. Aproni ya risasi iliyopasuka ndani ni nguo tu. Na muuguzi anayeombwa kila siku amshike mtoto anayepigwa picha, bila aproni, anakopeshwa ugonjwa atakaoulipa miaka mingi baadaye.

Hayo pia ni kweli kwa anayechanganya dawa za saratani bila glavu zifaazo, na kwa msafishaji anayebeba mfuko wa taka uliochomoza sindano.

Mzigo huu usitwikwe mhudumu peke yake. Mkuu wa hospitali ndiye anunuaye aproni, ndiye apangaye zamu, na ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuvaa beji aingiapo katika chumba cha mionzi. Marie aliandika kanuni njema, kisha akajitoa ndani yake. Kanuni ambayo mkubwa haifuati, mdogo huiona pambo la ukutani.