Geraldo de Lima, mfanyabiashara wa Keta aliyegombana na forodha

Mji wa Keta, kusini mashariki mwa Ghana, umekaa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga. Upande mmoja ni Bahari ya Atlantiki, upande mwingine ni ziwa kubwa la maji ya chumvi. Wenyeji wake ni Waanlo, tawi la Waewe, watu ambao leo wamegawanyika kati ya Ghana, Togo na Benin. Katika karne ya 19, hakuna mfanyabiashara wa pwani hiyo aliyewasumbua Waingereza kuliko Geraldo de Lima.

Jina hilo la Kireno hakuzaliwa nalo. Aliitwa Adzoviehlo Atiogbe, na alianza kama mtumishi wa Cerqueira Lima, mfanyabiashara wa Kibrazili aliyeweka makao Vodza, karibu na Keta. Biashara ya bosi huyo ilikuwa watumwa. Uingereza ilikuwa imewapiga marufuku raia wake kuifanya tangu 1807, lakini meli za magendo ziliendelea kupakia watu katika pwani hiyo kwa miongo mingi baadaye.

Mwaka 1862 Mbrazili huyo alifariki. Mtumishi akarithi vyote: biashara, mjane na jina. Wakati huo soko la watumwa ng'ambo lilikuwa linafungwa, na Geraldo akahamia kwenye mawese, bidhaa iliyohitajika sana viwandani Ulaya. Mawese yalitoka bara kwa njia ya mto Volta na kwa mitumbwi ya ziwani. Chumvi iliyokaushwa na jua kandokando ya ziwa ilipanda bara kwa njia hizo hizo.

Lakini mlango wa Volta ulikuwa mikononi mwa watu wa Ada, washindani wa Waanlo. Ugomvi wa Geraldo nao ulikua hadi ukawa vita mwaka 1865. Waingereza walisimama na Ada, na Geraldo akatangazwa mtu wa kutafutwa. Kwa Waanlo, hata hivyo, alikuwa tajiri aliyeleta bunduki na baruti, na njia ya mto ikifungwa wote walipata hasara. Hawakumtoa.

Mwaka 1874 Uingereza iliitia nchi ya Waanlo ndani ya koloni la Gold Coast. Ikafuata forodha: ushuru juu ya pombe kali, tumbaku na baruti, bidhaa zilizokuwa moyo wa biashara ya pwani. Wafanyabiashara walifanya hesabu zao. Wengi walihamisha shehena kwenda mashariki, nje kidogo ya mkono wa ushuru, kisha wakaziingiza kwa njia za ziwani ambako maofisa wachache wa Keta hawakuweza kufika. Mwaka 1879 Waingereza walisogeza forodha hadi Denu na Aflao. Biashara nayo ikasogea tena, kilomita chache tu, hadi ufuo uliokuwa na vibanda vichache. Mahali hapo ndipo palipokua na kuwa Lomé. Mwaka 1884 Wajerumani walitangaza himaya yao Togo, na mstari wa ushuru ukawa mpaka wa mataifa mawili.

Geraldo alikuwa kinara wa upinzani dhidi ya forodha hiyo, na serikali iliamua kummaliza. Alikamatwa, na mwaka 1885, alipokuwa akipelekwa Accra chini ya ulinzi, Waanlo wenye silaha waliuvamia msafara uliombeba. Hawakufanikiwa kumkomboa. Alizuiliwa Elmina, mbali na kwao, kwa miaka kadhaa. Aliporudi, biashara kubwa ilikuwa imeshapita mikononi mwa makampuni ya Ulaya. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20.

Si rahisi kumweka Geraldo upande mmoja. Aliyepinga ushuru wa wageni ndiye aliyeanza kujenga mali kwa kuuza Waafrika wenzake, na ngome ya Prinsensten, iliyojengwa na Wadenmark mwaka 1784, ingalipo Keta kama shahidi wa biashara ile, ingawa sehemu yake imeliwa na bahari. Wanaomkumbuka kama shujaa hawana budi kuyabeba yote mawili.

Jambo moja halina utata. Ushuru haukuizima biashara ya Waewe. Uliihamisha, ukajenga mji mpya upande wa pili na kuwatajirisha waliojua njia za ziwani. Aliyeumia ni mchuuzi mdogo asiye na mtumbwi wala jamaa ng'ambo. Mwaka 1979, miaka 100 kamili baada ya forodha kufika Aflao, nchi za Afrika Magharibi zilitia saini itifaki ya watu kuvuka mipaka kwa uhuru. Leo Aflao na Lomé zimegusana, na Kiewe kinanunua na kuuza pande zote mbili za geti.