Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata nyayo za saratani ya watoto

SAFARI ya kutoka nyanda za joto za Ziwa Victoria hadi milima ya baridi ya Kisii na Nyamira huchukua saa chache tu. Hata hivyo, tofauti ya mwinuko wa namna hiyo ndiyo iliyomsaidia marehemu Dkt Denis Burkitt kufumbua fumbo la saratani iliyowaangamiza watoto wa Afrika Mashariki.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11, lakini akasomea udaktari Dublin, akawa mpasuaji, na mnamo 1946 akaja Uganda.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baada ya wiki chache alikutana na mwingine mjini Jinja, huyu akiwa na uvimbe tumboni pia. Aling'amua kuwa maradhi yaliyodhaniwa kuwa mengi yalikuwa moja.

Mnamo Oktoba 1961, yeye pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya takriban kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, wakizuru hospitali baada ya hospitali. Ilibainika kuwa karibu na ikweta, saratani hiyo ilikuwa adimu juu ya mita 1,500. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700. Mipaka hiyo ilikaribiana na ya malaria.

Kwa kukosa mashine za miale, Burkitt alitumia dawa. Mojawapo, methotreksati, huzuia kimeng'enya ambacho seli za saratani hukihitaji ili kuongezeka. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Lakini seli zikikizalisha kimeng'enya hicho kwa wingi, dawa huweza kushindwa. Dawa iyo hiyo imetumika pia dhidi ya saratani ya matiti. Aidha, uvimbe wa Burkitt wenyewe umewahi kuonekana katika matiti yote mawili ya wanawake wajawazito na wanaonyonyesha.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Wakazi wa Kisii na Nyamira wasijidanganye kuwa milima ni ngao, kwani miaka ya 1990 mikurupuko ya malaria iliikwea. Taya la mtoto likivimba, mzazi asidhani ni jino tu. Uvimbe huo huongezeka maradufu kwa siku chache, na anayewahi hospitalini ndiye mwenye nafasi ya kupona.