Fadhili William: Mwana wa Pumwani aliyeivumisha ‘Malaika’ duniani

NI nadra jina la Fadhili William Mdawida kutajwa pasi na kuutaja wimbo Malaika. Wimbo huo ulimpa sifa zilizovuka bahari, ukamtia pia katika ubishi uliodumu maisha yake yote.

Alizaliwa Novemba 11, 1938 katika jamii ya Wataita, na babaye akafariki yeye angali mdogo. Masomo aliyaanzia Shule ya Msingi ya Pumwani, mtaa wa Nairobi uliowakusanya Waafrika wa kila kabila na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na ya barazani. Huko ndiko kipaji chake kilikochipuka kabla ya kujiunga na Shule ya Shimo la Tewa, Mombasa.

Mnamo 1960, akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, aliurekodi Malaika, kilio cha kijana aliyekosa mahari ya kumwoa ampendaye. Baadaye alipiga muziki katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod, pamoja na kina Daudi Kabaka na Nashil Pichen. Magwiji hao ndio walioukuza mtindo wa twisti uliowachezesha vijana wa Afrika Mashariki miaka ya sitini.

Mwaka 1965, Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba Malaika katika albamu yao ya pamoja. Boney M na Angélique Kidjo wakafuata.

Hata hivyo, kadiri wimbo ulivyovuma ndivyo swali la mtunzi lilivyozidi kutokota. Fadhili alishikilia kwamba ni wake, ilhali Adam Salim wa Tanzania alidai kuutunga miaka ya arobaini akiishi Nairobi. Kwa kuwa Fadhili ndiye aliyetangulia kuurekodi, ndiye aliyetambuliwa katika mirabaha. Ubishi haukuzimika, na ni funzo kwa wasanii kwamba utunzi usiosajiliwa ni mali isiyo na mlinzi.

Miaka ya themanini alihamia Marekani, akaishi huko zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kurejea nyumbani. Aliaga dunia Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62.

Malaika ungali unaimbwa arusini, na wengi wa wanaoucheza husahau kwamba kijana wa wimbo huo hakujaliwa kuoa.