Dakta David Pall, Bingwa wa Vichujio

Tangu zama za ukoloni wakazi wa Biryogo, mtaa wa Waswahili jijini Kigali, wamejulikana kwa udereva, ufundi wa magari na biashara. Na Kiswahili kilisemwa huko miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Fundi hodari akifungua gia boksi huitazama filta kwanza. Akikuta vipande vya chuma vinavyong'aa hahitaji kuuliza zaidi: ndani kuna kinachosagika. Sisi tuliokabidhiwa magari na mitambo ya taifa yatupasa kumjua mtu aliyetumia umri wake katika jambo hilo.

David Pall alizaliwa mwaka 1914 huko Fort William, Kanada, akakulia shambani Saskatchewan. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha McGill, akapata udaktari mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu vya Pili aliingizwa katika mradi wa siri wa Marekani wa kuunda bomu la atomiki, akapewa kazi ya kutafuta chujio laini mno lililohitajika katika kutenga aina mbili za urani.

Mwaka 1946 alianzisha kampuni ndogo, ambayo baadaye iliitwa Pall Corporation. Alijua kuchoma unga wa chuma cha pua hadi chembe zake zishikane pasipo kuyeyuka, zikaacha vinjia vyembamba. Mhasibu Abraham Krasnoff alishika uendeshaji, Pall akabaki maabara. Twauona huo kuwa mgawanyo wa busara, kwani mabingwa wengi wamefilisika kwa kutaka kushika nyundo na daftari la hesabu kwa pamoja.

Waliomhitaji sana ni waundaji wa ndege. Katika ndege, mafuta ya haidroli yaliyo chini ya shinikizo kubwa ndiyo yanayosukuma magurudumu, breki na mabawa ya kuongozea. Nafasi iliyopo kati ya vali na nyumba yake yaweza kuwa mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita; unywele wa binadamu hufikia 70 hivi. Basi adui huyu haonekani kwa macho. Chembe ikikwama, vali haifungi. Ikipita, hukwaruza chuma na kuzaa chembe nyingine. Huingia kwa vumbi linaloganda kwenye ufito wa jeki, kwa mfuniko ulioachwa wazi, hata kwa mafuta ya pipa jipya. Tena filta nyingi zina vali ya pembeni: zikiziba, hufunguka ili mtambo usikose mafuta, na uchafu wote hupita. Gari huendelea kwenda, dereva asijue lolote. Kwa hiyo wanaongoja gari lilalamike ndipo wabadili filta, nao wamo miongoni mwetu, huwa wamekwisha chelewa.

Mwaka 1959 mke wa Pall alifariki kwa maradhi ya damu, baada ya kuongezewa damu mara nyingi. Bwana huyu akaugeuzia ujuzi wake upande huo, na kampuni yake ikaja kutoa chujio la kuondoa chembe nyeupe katika damu ya kuongezewa, ambazo huweza kumletea mgonjwa homa na madhara mengine.

Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimtunukia Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Alifariki Septemba 2004, akiwa na umri wa miaka 90.