Mtoro bin Mwinyi Bakari: mwalimu wa Kiswahili aliyedai heshima yake Berlin

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliwasili Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo maofisa waliojiandaa kwenda kuitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waliihitaji lugha yake, lakini baadhi yao hawakuridhia kufundishwa na Mwafrika. Mtoro alidai heshima impasayo mwalimu. Hatimaye akaiacha kazi hiyo.

Mwaka 1903 kilichapishwa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Walipojaribu kurejea Afrika mwaka uliofuata, wakuu wa koloni walimkataza mkewe kushuka pwani, nao wakarudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Kuanzia Kampala hadi Dranya, wilayani Koboko, maisha ya Mtoro yanakumbusha kuwa lugha haithaminiwi pale mwalimu wake anapodharauliwa.