Nyumba ya C. S. Lewis Ilipoingiwa na Kansa

Wengi wamjua C. S. Lewis kwa vitabu vyake vya Imani. Leo na tuitazame nyumba yake.

Alizaliwa Belfast mwaka 1898. Mwaka 1908 mama yake aliugua kansa. Mtoto alimwomba Mungu amponye, lakini mama alikufa. Ujanani aliiacha Imani, akairudia akiwa mwalimu Oxford.

Mwaka 1956 alifunga ndoa ya serikali na Joy Davidman, mama wa watoto wawili. Mwaka ule ule mguu wa Joy ulivunjika, na madaktari wakaona kansa imeingia mifupani. Alipasuliwa, akatibiwa kwa mionzi. Tarehe 21 Machi 1957 Padre Peter Bide alimwekea mikono, akawafungisha ndoa ya Kikristo hospitalini. Joy akarudishwa nyumbani afie huko. Mumewe alimtunza, na shemeji yake Warren akampenda kama dada. Taratibu Joy akapata nguvu, akatembea tena.

Kansa ilirudi mwaka 1959. Hata hivyo Aprili 1960 walisafiri Ugiriki pamoja na rafiki zao. Tarehe 13 Julai akafariki. Lewis hakuficha uchungu wake. Alimwuliza Mungu maswali mazito, ila safari hii hakumwacha. Aliwalea wale watoto mpaka alipofariki mwaka 1963.

Ndugu, mtaani mwetu wako wanaouguza. Tuwaombee, kisha twende tukawachotee maji na kuwashikia watoto.