Leopold wa Pili, mfalme aliyejenga nyumba za mapumziko kwa mpira wa Kongo

Pembeni ya ziwa Kivu, kule Goma na vilevile Bukavu kwenye mtaa wa La Botte, kuna nyumba za wenye pesa zenye bustani inayoshuka mpaka kwenye maji. Zingine zinakodishwa kwa siku ao kwa wiki. Mgeni anakuja, anafunguliwa kizuizi, anapumzika, anarudi kwake. Mchimbaji anayetoka Numbi ao Nyabibwe na kushuka Minova siku ya soko anaona maji yale yale, lakini ndani ya nyumba kama zile haingii hata siku moja, isipokuwa kama anabeba matofali. Basi anajiuliza: pesa ya kujenga hivi ilitoka wapi?

Swali hilo ni la zamani. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mtu mmoja alijenga nyumba za mapumziko nzuri kuliko zote za wakati wake, kando ya bahari mbili za Ulaya, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka hapa kwetu. Jina lake kila mtoto wa shule analijua: Leopold wa Pili. Wengi wanajua habari ya mikono iliyokatwa. Ni wachache wanaojua habari ya nyumba.

Alizaliwa Brussels tarehe 9 mwezi wa nne 1835, akawa mfalme wa Wabelgiji mwaka 1865. Nchi yake ilikuwa ndogo, na bunge ndilo lilishika mfuko wa serikali. Yeye alitaka koloni, popote. Alijaribu hata kupata visiwa vya Filipino kwa Wahispania, ikashindikana. Ndipo akamtuma Stanley, yule ambaye wazee wetu walimwita Bula Matari, afuate mto Kongo na kufanya mapatano na machifu. Machifu walitia alama juu ya karatasi ambazo hawakuweza kusoma. Mwaka 1885, kisha mkutano wa Berlin, Kongo ikawa yake. Si ya Ubelgiji: yake yeye mwenyewe, sawa vile mtu anavyokuwa na shamba. Ilikuwa kubwa kuliko Ubelgiji mara zaidi ya 70.

Hapa kwetu mwami anajulikana kwa kuishi juu ya udongo wake, kati ya watu wake. Leopold alitawala Kongo miaka 23 bila kuikanyaga hata mara moja.

Mwanzoni mali ilikuwa pembe za tembo. Halafu mwaka 1888 Dunlop akatengeneza gurudumu la mpira lenye hewa ndani, na dunia nzima ikaanza kutafuta mpira, kwanza kwa baiskeli, kisha kwa motokari. Pori la Kongo lilikuwa limejaa kamba zinazotoa utomvu huo. Tayari serikali ya mfalme ilikuwa imetangaza kwamba udongo wote usiolimwa ni wake, pamoja na kila kitu kinachoota juu yake. Mwenyeji aliyeuza mpira kwa mtu mwingine akawa mwizi katika pori la babu zake.

Kazi ilipimwa kwa mzani. Kila kijiji kilipangiwa kilo zake. Wanawake walifungiwa mpaka wanaume warudi na mzigo. Kilo zikipunguka, fimbo ya ngozi ya kiboko ilifanya kazi. Askari wa Force Publique walipewa risasi kwa hesabu, na kwa kila risasi iliyotumika wakubwa walidai mkono wa maiti kama ushuhuda. Askari aliyetumia risasi kwa kuwinda nyama alitafuta mkono popote, hata kwa mtu mzima. Njo vile mikono mingi ilipotea.

Mwaka 1896 mfalme alijikatia sehemu ya pekee, pande za ziwa linaloitwa leo Mai-Ndombe. Faida ya kule haikupita bungeni, ilikwenda moja kwa moja mikononi mwake. Hapo alianza kujenga.

Kule Ostend, juu ya bahari ya kaskazini, alikuwa na nyumba yake ya wakati wa joto. Aliugeuza mji ule kuwa mahali ambapo matajiri wa Ulaya walikuja kila mwaka kukodi vyumba na nyumba nzuri, kuoga, kucheza karata za pesa na kutazama mbio za farasi. Kati ya 1902 na 1906 alijengesha baraza yenye nguzo, karibu metre 400 kwa urefu, ili mtu atoke nyumba ya mfalme mpaka uwanja wa farasi bila kunyeshewa.

Lakini baridi ilimchosha. Basi alishuka kusini mwa Ufaransa, kwenye rasi ya Cap Ferrat, ambapo bahari ni shwari na jua halikosekani. Alinunua udongo kipande kwa kipande. Mwaka 1904 alipata nyumba ya Les Cèdres na bustani yake ya hekta 14 hivi. Karibu na pale aliweka nyumba ya Blanche Delacroix, binti aliyempata huyo akiwa na miaka 16 na yeye mfalme 65, ambaye alimzalia watoto wawili. Aliweka nyumba hata kwa padri wake wa maungamo. Aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kati ya maua yake, akiwa mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe. Walipotamani kiwanja kimoja cha rasi hiyo, yeye na Béatrice de Rothschild, mama yule alimtangulia. Ni moja ya mara chache ambapo Leopold alikosa udongo aliouhitaji.

Nani alimfichua? Wamisionari, pamoja na Waafrika waliokubali kutoa ushuhuda. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala wa Wala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa mtoto wake. Picha ile ilizunguka dunia. Lakini kabla ya picha kulikuwa hesabu. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, alikuwa akifanya kazi kwenye bandari ya Antwerp. Aliona katika vitabu kwamba meli zinatoka Kongo zikijaa mpira na pembe, na zinarudi Kongo na bunduki, risasi na askari, karibu bila kitu cha kuuza. Hakuna anayefanya biashara namna ile. Alielewa kwamba watu wa Kongo hawalipwi. Hakuwa amefika huku. Namba za kwenye karatasi zilimtosha.

Mfalme naye alijua nguvu ya karatasi. Mwaka 1908, alipolazimishwa kuachia Kongo kwa Ubelgiji, majiko ya Brussels yaliwaka siku nane yakichoma vitabu vya serikali yake. Na bado alilipwa. Ubelgiji ilibeba madeni, ikaahidi zaidi ya milioni 45 za franka kwa kumaliza majengo aliyopenda, na milioni 50 kwake mwenyewe kama shukrani kwa taabu zake. Zile za shukrani zilipaswa kutoka Kongo kwenyewe. Kwa maneno mengine, waliokatwa mikono walipelekewa deni la kumshukuru.

Alikufa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1909, siku chache kisha kubarikiwa ndoa na Blanche. Sehemu ya mali yake alikuwa ameificha katika makampuni na wakfu, ili binti zake wasirithi. Walikwenda mahakamani. Hakuna aliyeita familia ya Nsala kuja kudai sehemu yake.

Nyumba zilibaki. Ile ya padri ilinunuliwa na mwandishi Somerset Maugham. Les Cèdres iliuzwa mwaka 2019 kwa milioni 200 za euro. Leo kwenye rasi ile watu wanakodi nyumba kwa wiki moja tu kwa pesa ambayo mchimbaji hapati hata akiishi mara mbili. Kule Ostend, sanamu ya mfalme iko na Wakongo chini yake wanaomshukuru. Mwaka 2004 watu fulani walikata mkono wa mmoja wa hao Wakongo wa shaba, ili anayepita aelewe.

Kisha Leopold, Wabelgiji walipanda mpaka ziwa letu na kujenga nyumba za mapumziko huku pia. Waliozijenga hawakuruhusiwa kutembea usiku katika mitaa ile bila karatasi ya ruhusa. Mtindo ulibaki baada ya mfalme kuzikwa.

Tusiseme kwamba kila nyumba nzuri ya pembeni ya maji ni wizi. Mtu anaweza kujenga kwa jasho lake na kukodisha kwa haki, na vijana wetu wakapata kazi ndani. Lakini maisha ya Leopold yanatufundisha kuangalia mzani na kitabu. Yeye hakuogopa sana kilio cha watu, kwa kuwa kilio kilikuwa mbali na bahari yake. Aliogopa vitabu, na njo sababu alivichoma.

Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, na wewe mama unayeosha na kubeba mawe, kaye ya franka chache si kitu cha watoto wa shule peke yao. Andika tarehe, kilo, bei na jina la aliyenunua. Mwenye kujua kusoma amwandikie asiyejua. Wale wa kijiji cha Wala hawakupata nafasi hiyo.